Lavoisier, Mtu Aliyepima Moto wa Mwili

Katika toleo hili nataka kuwasimulia maisha ya Bwana Antoine Laurent Lavoisier, Mfaransa aliyekufa mwaka wa 1794. Sisi tusomao kemia tumelijua jina lake tangu kidato cha kwanza. Tulifundishwa kanuni yake kwamba vitu vikiungua au vikichanganyika uzito wake wote haupotei, tukaikariri, tukapata maksi zetu, kisha tukamsahau mwenyewe. Mimi nami nilikuwa nimemsahau. Kilichonikumbusha si kitabu, ni saa ya mkononi.

Kila mwaka shule yetu hufanya mbio za kupanda kilima cha Kamukuzi hapa Mbarara. Safari hii kaka mmoja aliyemaliza hapa zamani alikuja kututazama, naye alikuwa na saa mbili za namna mpya, zilizotoka katika viwanda viwili mbalimbali. Saa hizo hazionyeshi wakati tu. Huhesabu hatua, mapigo ya moyo, na hata kalori ambazo mwili umezitumia. Kwa kuwa mimi ni nahodha wa mbio ndefu, alinifunga moja mkono wa kushoto na nyingine wa kulia, nikakimbia nazo. Nilipofika juu, upande wa lile jumba la zamani la Omugabe wa Ankole, tulizisoma. Ya kushoto ilisema nimetumia kalori 310. Ya kulia ilisema 455. Wenzangu walicheka sana, wakaniuliza ni mkono upi uliokimbia zaidi.

Kaka yule aliniazima saa moja wakati wa likizo. Kwetu ni Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yale makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Huko neno kalori si geni. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hupanga mgao wa chakula kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Mwaka wa 2020, fedha zilipopungua, mgao wa wakimbizi wa Uganda ulishushwa mpaka 70 kwa mia, na mwaka wa 2021 mpaka 60 kwa mia. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: 60 kwa mia ya 2,100 ni 1,260. Basi hapa mjini nimeona watu wakihesabu kalori ili wapungue mwili, na kwetu nimeona watu wakizihesabu ili wasipungue.

Asubuhi moja Mama alipokuwa akienda kuteka maji nilimfunga saa ile. Alirudi na jerikeni la lita 20 kichwani, mkono mmoja ameuinua kulishika, na mkono huo ndio uliokuwa na saa. Jioni mimi nikapita njia ileile, kwa mwendo uleule, nikitupa mikono bila mzigo wowote. Saa ikanipa mimi kalori nyingi kuliko Mama. Nilipomwonyesha, Mama hakucheka. Aliuliza kama wale wanaopanga mgao nao hupima kwa kitu kama hiki. Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa kemia, naye akanipeleka maktabani akanionyesha upande wa Lavoisier ambao hatukuufundishwa darasani. Haya ndiyo niliyoyapata.

Lavoisier alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali. Mama yake alikufa mtoto akiwa na miaka mitano, akalelewa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Alisoma katika Chuo cha Mazarin, kisha akasomea sheria kama baba yake, na mwaka wa 1764 akapata ruhusa ya kuwa wakili. Lakini kazi hiyo hakuifanya kamwe, maana moyo wake ulikuwa umekwisha tekwa na elimu ya mawe, ya nyota na ya kemia. Mwaka wa 1768, akiwa bado hajatimiza miaka 25, alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Kilichomtofautisha na wataalamu wengi wa siku zake kilikuwa mizani. Siku zile wengi waliamini kwamba maji yakichemshwa kwa muda mrefu hugeuka udongo, kwa sababu walikuta unga chini ya chombo. Lavoisier hakukaa kubishana nao. Alitia maji katika chombo cha kioo, akakiziba, akakipima, akakiweka motoni kwa siku 101. Mwishoni alipima tena kila kitu peke yake. Uzito wa maji haukubadilika. Kioo ndicho kilichopungua, na upungufu wake ulikaribiana na uzito wa ule unga. Kumbe udongo ulitoka katika kioo chenyewe. Kwa njia hiyohiyo ya kupima kabla na baada, alionyesha kwamba kitu kinachoungua hujiunga na sehemu fulani ya hewa. Sehemu hiyo Priestley wa Uingereza na Scheele wa Sweden walikuwa wameipata wenyewe, lakini Lavoisier ndiye aliyeieleza kazi yake katika moto, naye ndiye aliyeipa jina la oksijeni.

Mizani nzuri ni ghali, na yafaa tuseme fedha zake zilitoka wapi, maana jambo hilo ndilo lililomwangamiza baadaye. Mwaka uleule wa 1768 alinunua hisa katika kampuni ya watoza kodi. Kampuni hiyo ilimlipa Mfalme fedha mbele, kisha ikawatoza raia kodi za chumvi, tumbako na bidhaa zilizoingia Paris, na kilichozidi kikawa faida ya wenye hisa. Watu waliichukia mno. Mwaka wa 1771 Lavoisier alimwoa Marie-Anne Pierrette Paulze, binti wa mmoja wa wakubwa wa kampuni. Bwana alikuwa na miaka 28, naye bibi arusi alikuwa na miaka 13 tu, jambo ambalo sheria zetu za leo hazilikubali, na ni vyema. Binti huyo alikua akawa msaidizi wake mkuu. Alijifunza Kiingereza ili amfasirie mumewe vitabu, akajifunza kuchora ili achore vyombo vyao, na wakati wa majaribio alikaa mezani akiandika kila hesabu.

Mwaka wa 1775 Lavoisier aliwekwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa baruti ya serikali, akahamia nyumba ya Arsenal mjini Paris na kujenga humo maabara. Mchana alifanya kazi za serikali na za kampuni. Sayansi aliifanya saa za asubuhi na za usiku, pamoja na siku moja nzima kila juma. Wenzangu tunaolalamika kwamba ratiba ya shule haituachii nafasi, tumtazame huyu.

Sasa nafika pale ambapo hadithi yake inakutana na saa yangu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, Lavoisier na Laplace, bingwa wa hesabu, walitengeneza chombo cha kupima joto. Kilikuwa kama sufuria tatu, moja ndani ya nyingine. Katika chumba cha ndani kabisa waliweka kitu chenye joto. Kukizunguka waliweka barafu, na nje ya barafu hiyo wakaweka barafu nyingine. Barafu ya nje ilikuwa ya kuzuia joto la nyumba lisiingie, na barafu ya ndani iliyeyuka kwa joto la kile kilichokuwamo tu. Maji yaliyotiririka chini waliyapima kwa mizani, na uzito wa maji ukawa ndio kipimo cha joto.

Ndani ya chombo hicho walimweka simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye majirani zetu waliotoka Kivu humfuga kwa kitoweo. Walimwacha humo kwa saa 10, kisha wakayapima maji. Halafu wakapima ile hewa ya kaboni anayoitoa mnyama wa namna hiyo anapopumua, na wakapima joto la makaa yanayoungua mpaka kutoa kiasi kilekile cha hewa hiyo. Ikiwa kupumua ni aina ya kuungua, basi joto hizi mbili zilipasa zilingane. Zilikaribiana, ila hazikulingana sawasawa, kwa maana joto la mnyama lilizidi. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka jinsi sisi katika maabara hurekebisha majibu kwa siri ili yafanane na ya kitabuni. Lavoisier na Laplace hawakufanya hivyo. Waliandika hesabu zote mbili waziwazi, wakataja sababu zinazoweza kuwa zimeleta tofauti. Kisha wakasema lile ambalo kipimo kiliwaruhusu kusema, kwamba mnyama anapopumua huungua polepole, bila mwali, na moto huo ndio unaomtia joto.

Miaka michache baadaye aliacha simbilisi akampima mtu. Mtu huyo alikuwa Armand Seguin, msaidizi wake kijana aliyejitolea mwenyewe. Kuanzia mwaka wa 1789 Seguin alivaa kifuniko usoni, akapumua kwa bomba, nao wakapima oksijeni aliyoitumia. Bibi Lavoisier alichora picha mbili za majaribio hayo, na katika picha hizo yeye mwenyewe anaonekana ameketi mezani akiandika. Seguin alipokaa kimya na njaa alitumia kama lita 24 za oksijeni kwa saa. Penye baridi alitumia zaidi kidogo. Alipokwisha kula alitumia zaidi tena. Walipompa kazi ya kuinua uzito kwa kukanyaga kwa mguu, alipita lita 60, na alipofanya kazi hiyo akiwa amekwisha kula alifika karibu lita 90.

Tena Lavoisier aliona jambo lingine ambalo halikunitoka akilini. Seguin alipozidi kufanya kazi, mapigo ya moyo wake nayo yalizidi kwa kadiri ya kazi ile. Basi zaidi ya miaka 200 iliyopita mtu huyu alikuwa amekwisha ona kamba inayofunga moyo, pumzi na kazi pamoja. Juu ya kamba hiyo ndipo viwanda vya saa vya leo vimejenga biashara yao.

Lavoisier hakuishia kwenye hesabu. Katika maandishi yake juu ya kupumua aliuliza imekuwaje maskini afanyaye kazi ya mikono, ambaye mwili wake huungua zaidi, ndiye apataye chakula kidogo, na tajiri akaaye bure ndiye awe na tele ambayo mwili wake hauihitaji. Alitumaini kwamba serikali mpya ingepunguza tofauti hiyo. Wala hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka wa 1788, wakati wa njaa, aliwakopesha watu wa mji wa Blois fedha za kununua nafaka bila kutaka riba. Walakini tusimfanye malaika. Mtu huyohuyo alikuwa akila faida ya kodi ya chumvi iliyotozwa kwa maskini haohao.

Pia alikosea katika elimu yake. Alidhani moto wa mwili huwaka ndani ya mapafu, na sisi leo twajua kwamba chakula huunguzwa katika chembe hai za mwili mzima. Alidhani joto ni kitu kama maji kisicho na uzito, kinachotoka mahali na kuingia mahali, na hilo nalo si kweli. Hata zile lita 24 za Seguin aliyetulia ni nyingi, maana mtu mzima akikaa kimya leo hupimwa na kukutwa na kama lita 15 kwa saa. Lakini ulinganifu wake ulikuwa wa kweli. Mtu wa kukaa, mtu aliyekula na mtu wa kazi aliwapanga kwa utaratibu ulio sahihi, kwa kuwa alimpima mtu yuleyule, kwa chombo kilekile. Naomba msomaji aliweke neno hili akilini, nitalirudia.

Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka wa 1789. Mwanzoni Lavoisier aliyaunga mkono, akasaidia hata katika kazi ya kuweka vipimo vipya, hii mita na kilo tunazozitumia sisi. Lakini watu hawakusahau kampuni ya kodi, wala ukuta uliojengwa kuzunguka Paris ili bidhaa zisipite kwa magendo. Agosti 1793 Akademia ya Sayansi ilifungwa. Novemba mwaka huohuo watoza kodi wote waliamriwa wakamatwe, na Lavoisier akajitoa mwenyewe. Kule gerezani aliendelea kuzikusanya na kuzipanga kazi zake za kemia. Miongoni mwa mashtaka yao lilikuwamo hili, kwamba walitia maji katika tumbako ili uzito wake uzidi. Hivyo mtu aliyeishi kwa mizani alishtakiwa kwa uzito wa uongo. Tarehe 8 Mei 1794 walihukumiwa, na siku ileile watu 28 wakakatwa vichwa, yeye na baba mkwe wake wakiwamo. Alikuwa na miaka 50. Mwaka wa 1795 mjane wake alirudishiwa mali iliyochukuliwa. Yeye ndiye aliyezitoa kazi zile za gerezani, akaishi mpaka mwaka wa 1836.

Baada ya kifo chake wengine waliichukua kazi alipoiachia. Neno kalori lilianza kutumika Ufaransa katika miaka ya 1820. Kalori tunayoisema katika chakula ni lile joto liwezalo kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Wilbur Atwater na mwenzake Rosa walijenga chumba kizima, ambamo mtu aliweza kukaa siku kadhaa, akala, akalala, akafanya kazi, huku joto lake na pumzi zake zikipimwa. Ikathibitika kwamba kwa kila lita moja ya oksijeni tuitumiayo, mwili hutoa kama kalori 5. Kwa hiyo anayejua pumzi zako anajua moto wako.

Sasa turudi kwenye saa. Nyuma yake mna taa ndogo ya kijani inayomulika ngozi na kutazama damu inavyopita. Ndani mna kitu kinachohisi mtikisiko wa mkono. Mwenye saa huandika umri, urefu, uzito, na kama ni mume au mke. Basi saa huchukua mapigo, mtikisiko na maandishi hayo, ikayatia katika kanuni ya hesabu iliyotungwa kwa kupima watu wengine, ikatoa jibu. Barafu haimo, wala kifuniko cha pumzi. Kila kiwanda kina kanuni yake na hakiitangazi, na ndiyo sababu mikono yangu miwili ilipata majibu mawili. Moyo nao hudunda kwa mambo mengi. Jua kali huuzidisha, hofu huuzidisha, na kahawa pia. Saa haina njia ya kujua mapigo yapi ni ya kazi na yapi ni ya woga wa mtihani.

Mwaka wa 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walizipima saa za namna 7 kwa kuwavisha watu 60, wakawatembeza, wakawakimbiza na kuwapandisha baiskeli. Kwa upande wa kalori, hakimu waliyemtumia alikuwa yuleyule wa Lavoisier, yaani kifuniko cha pumzi. Katika mapigo ya moyo, saa 6 kati ya 7 zilikosea kwa chini ya 5 kwa mia, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini katika kalori, saa iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa 27 kwa mia, na iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikosea kwa 93 kwa mia. Tena waliona kwamba makosa yalizidi kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi, na kwa mtu anayetembea kuliko aendeshaye baiskeli. Kwetu Afrika, tulio weusi na waendao kwa miguu, neno hilo si dogo.

Mambo mawili ya Afrika Mashariki yaliniongezea tahadhari. La kwanza ni la Kenya. Mwaka wa 1986 wataalamu, akiwamo Profesa Maloiy wa Nairobi, walitangaza vipimo vya wanawake wa Kijaluo wabebao kichwani na wa Kikikuyu wabebao kwa kamba ya kipaji. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa mpaka 20 kwa mia ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi. Mzigo ukipita hapo, oksijeni ilizidi, ila kidogo kuliko ya askari wenye mkoba mgongoni. La pili ni la Tanzania. Mwaka wa 2012 yalitangazwa matokeo ya kuwapima Wahadza wa upande wa Ziwa Eyasi, ambao huwinda na kuchimba mizizi kutwa nzima. Walinyweshwa maji yenye alama maalumu ambayo baadaye hupimwa katika mkojo. Ukiangalia ukubwa wa miili yao, kalori zao za siku hazikupita za watu wa Marekani na Ulaya wanaofanya kazi za kukaa. Nani angalikisia hivyo? Mwili wa binadamu una werevu wake wa kuweka akiba, na kanuni iliyotungwa mbali haiujui wote.

Basi nilipata jibu la kumpelekea Mama. Nilimweleza kwamba ile 2,100 haikutoka katika saa. Ilitokana na elimu ya pumzi aliyoianzisha Lavoisier, na nyuma yake mna vipimo vya watu wengi. Lakini ni wastani. Imechanganya watoto na wazee na watu wazima, na imemfikiria mtu wa kazi nyepesi. Wenyewe walioiweka husema yapasa iongezwe penye baridi au penye kazi nzito. Kubeba jerikeni la lita 20 mlimani na kulima shamba la mahindi si kazi nyepesi. Kwa hiyo saa ilikosea kumhesabu Mama, na wastani nao haumtoshi sawasawa, na mgao wa 60 kwa mia ulikuwa chini ya vyote viwili. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye alilijua hilo siku zote bila saa wala Mfaransa, ila amefurahi kusikia kwamba limeandikwa.

Wenzangu, sisemi saa hizo zitupwe. Nimeirudisha ile ya kaka yetu kwa shukrani nyingi, na mapigo ya moyo nilikuwa nikiyaamini. Lakini mtu asile wala asifunge kula kwa ajili ya kalori ilizomwandikia. Akitaka kuitumia, aitumie kama Lavoisier alivyomtumia Seguin: ajilinganishe yeye na yeye, kwa saa ileile, kwa njia ileile, wiki hii na wiki ijayo. Asijilinganishe na jirani mwenye saa nyingine. Na kila apewapo hesabu, iwe ya saa, ya gazeti au ya ofisi, aulize kwanza ilipimwa kwa kitu gani, na juu ya nani.

Kwa wale watakaopanda Kamukuzi mwaka ujao, ambapo mimi nitakuwa nimekwisha ondoka, nina ombi moja. Mkifika juu, kila mmoja aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, ahesabu mapigo yake kwa dakika moja, ayaandike kwenye daftari pamoja na muda wa mbio, hali ya hewa na alichokula asubuhi. Mkimwona mwenzenu ana saa, andikeni na yake kando. Mkifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, shule yetu itakuwa na hesabu zake yenyewe, za vijana wa hapa kwenye kilima cha hapa, na msiogope kuandika zile zisizolingana.